Papa Bayingana, Aliyeupima Ukuta kwa Mgongo

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuhesabu nyufa za nyumba za watu, Papa Gentil Bayingana anastaafu tarehe 30 Septemba. Nyufa za nyumba yake mwenyewe, asema mkewe, Mama Emérita, bado zinangoja zamu.

Alianza kama mpimaji, akapanda hadi kuwa mratibu wa uchunguzi wa majengo baada ya maporomoko na mafuriko, katika maeneo ya Masisi na Walikale. Ni mtu nadhifu mno: hupiga pasi hata koti la mvua. La kwanza liliyeyuka.

Zamani kila timu ilijipangia safari zake. Mlima ulipoporomoka Kalembe, mpakani mwa maeneo hayo mawili, timu ya Masisi ilipita asubuhi ikapaka rangi ya kijani kwenye mlango wa mbele wa Mama Kampire: nyumba ni salama. Alasiri timu ya Walikale ikapita nyuma, ikapaka nyekundu kwenye mlango wa jikoni: asilale mtu. Mama Kampire, mjane mwenye watoto watano, alizitii zote mbili. Watoto walilala sebuleni; jikoni hakuna aliyeruhusiwa hata kusinzia. Lakini mawingu yalikuwa yakirudi, naye alitaka jibu moja tu: wanawe walale wapi?

Papa Bayingana alikwenda mwenyewe kuamua. Aliizunguka nyumba mara tatu, akagonga, akanusa, akausifu msingi. Kisha akauegemea ukuta ili aijaze fomu kwa mwandiko mzuri. Ukuta ukaenda naye. Alitua chali katika maharage, miguu juu, kalamu mkononi. Mama Kampire akamchungulia kupitia pale palipokuwa na ukuta.

"Papa, sasa njo umepima bien, vizuri kabisa! Haya, andika: iko kijani ao nyekundu?"

Aliandika nyekundu, akiwa bado amelala. Siku ileile watoto walihamia kanisani. Siku mbili baadaye mvua iliiangusha nyumba yote juu ya mikeka mitupu.

Juma lililofuata alituletea sisi wafanyakazi wenzake, akichechemea, utaratibu tunaoutumia hadi leo: ramani moja, kila kilima na timu yake, kila nyumba na namba yake, na jioni timu zote hulinganisha fomu kabla ya kula. Kwa utaratibu huo uchunguzi wa Kalembe ulikamilika haraka kuliko wowote uliotangulia.

Papa, tunakushukuru. Uwe na afya, na ng'ombe wako walioko malishoni Kingi wakupe maziwa tele. Wale watoto watano, ambao sasa ni watu wazima, wamethibitisha kuja kukuaga pamoja na familia zao. Kamati ya chakula imeongeza sufuria mbili.