Na Kama Nimeshamwambia?

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mwalimu wa darasa la pili alikuwa akimsimulia fundi cherehani aliyeketi naye.

"Leo nimewafundisha wasimwambie mtu wa kwenye simu wanakoishi. Wote wakaitikia, ndiyo mwalimu! Kengele ikalia, kabinti kamoja kakanifuata mlangoni: 'Mwalimu, na kama nimeshamwambia?'"

"Mungu wangu! Kamwambia nani?"

"Rafiki wa kwenye mchezo. Eti ana miaka saba, ila sauti yake nzito kama ya baba. Mama wa kabinti hako hapokei simu, ndiyo maana nakwenda kwao."

"Dada, wanyang'anywe tu hizo simu!"

"Ukimnyang'anya, kesho hakuambii kitu. Huyu amesema kwa sababu sikumgombeza."

"Asiseme, bora awe salama! Wangu namwachia simu aangalie katuni, basi."

Mimi nilikuwa najifanya nasoma gazeti, nalo nimelishika juu chini. Fundi alipiga simu nyumbani. Akapiga tena.

"Inatumika," alinong'ona. "Mwanangu yuko peke yake. Anaongea na nani?"

Basi liliposimama, fundi alikuwa wa kwanza mlangoni, simu bado sikioni.