Bi Rula na Ukurasa wa Kumi na Moja

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Rula atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika halmashauri yetu ya jiji, ishirini na mmoja kati ya hiyo akiwa Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi. Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi niandike kwa sababu, alisema, hakuna mhandisi aliyemsumbua mama huyu kunizidi. Sikubisha. Lakini nilikuwa na sababu yangu pia: katika jalada lake la utumishi kuna karatasi moja isiyo ya haki, na sitaki aondoke nayo.

Niseme mapema kwamba hii ni hati ya kwanza kutoka ghorofa ya pili bila yeye kuipitia. Makosa yote mtakayoyaona humu ni yangu, kama kawaida.

Alianza kazi masijala, akiwa binti mwembamba asiye na makuu. Hayo ni maelezo yake mwenyewe. Picha ya kitambulisho chake cha kwanza inasema mengine. Huko ndiko alikookota ile rula ya mbao yenye ncha iliyotafunwa, ambayo hadi leo hakuna aliyekiri kuitafuna. Akisoma hati huiweka chini ya mstari na kuishusha polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, hata kama hati ina kurasa mia mbili na mkurugenzi amesimama mlangoni akikohoa. Hapandishi sauti. Rula ikikwama husema tu, "Hapa." Neno hilo limewarudisha watu wazima mezani kwao wakiwa wameinamisha vichwa, na wengi wao walikuwa mimi.

Ni yeye aliyetoa ufunguzi wa zabuni kwenye chumba cha kufuli na kuupeleka ukumbini, milango wazi, wazabuni wameketi safu ya mbele wakiangaliana. Katika miaka yote hiyo, mtu pekee niliyemwona akimharakisha ni mumewe, fundi saa, ambaye kila Ijumaa humsubiri kwenye benchi la mapokezi na kuangalia saa ya ukutani kwa dharau, kwa kuwa iko nyuma dakika nne.

Sasa twende kwenye ile barabara.

Miaka sita iliyopita halmashauri iliamua kuiboresha barabara ya mabasi ya katikati ya jiji, ile inayotoka sokoni hadi hospitali. Mnaikumbuka ilivyokuwa: kituo cha basi kilikuwa nguzo, na wagonjwa walishukia mtaroni. Kabla ya kujenga tulihitaji timu ya wasanifu, na kabla ya kuita wasanifu tulihitaji hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi tunayotaka ifanywe. Kuyaandika ilikuwa kazi yangu.

Nilifanya kile ambacho mhandisi mwenye haraka hufanya. Nilichukua hadidu za barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, nikabadilisha jina kila lilipotokea, nikajipongeza kwa chai. Bi Rula alipofika ukurasa wa kumi nikamwambia asijisumbue na zilizobaki, ni zilezile za zamani, alikwisha kuzisoma. Akanitazama, akaniamini, akaweka rula chini. Nadhani ilikuwa mara moja tu maishani mwake.

Ukurasa wa kumi na moja ulidai mwendo wa magari wa kilomita themanini kwa saa, na uzio wa chuma pande zote mbili ili kuzuia watu na mifugo kukatiza. Katikati ya jiji. Mbele ya hospitali.

Kampuni saba zilichukua hati, na sita hazikuuliza neno. Ya saba ilikuwa kampuni ndogo ya mama mmoja msanifu na wanafunzi wake wawili wa zamani. Wao waliandika barua ya mistari miwili: "Tumeipita barabara hii kwa miguu mara tatu na hatujaona ng'ombe. Tunaomba ufafanuzi." Barua ilifika mezani kwangu wakati bado kulikuwa na siku tisa za kurekebisha. Nilidhani ni kejeli. Nikaiweka kwenye trei ya chini, pamoja na kadi za harusi nilizopanga kuzijibu.

Siku ya kufungua mapendekezo tulikuta michoro sita maridadi ya uzio, na kampuni ya saba haikuleta kitu. Mmoja ulikuwa na kituo cha basi upande huu wa uzio na mlango wa hospitali upande wa pili. Rula ilisimama. Safari hii hakusema "Hapa." Alikwenda mezani kwangu, akashusha karatasi za trei ya chini moja moja, akaikuta barua.

Zabuni ikafutwa. Miezi minane ikapotea, madereva wa mabasi wakalalamika redioni, wafanyabiashara wakaandamana hadi ngazini kwetu. Kikao cha uchunguzi kilipouliza nani aliandika ukurasa ule, nilianza kusimama. Bi Rula alinikanyaga kiatu chini ya meza, na yeye si mtu mwepesi. Akakiambia kikao kwamba hati iliyotoka na muhuri wa kitengo chake ni yake. Alipewa barua ya onyo. Nafasi ya Mkurugenzi Msaidizi, ambayo kila mtu alijua ni yake, ikaenda kwa mwingine. Na tangu siku hiyo mzaha wa ng'ombe umekuwa wake, hata kwenye sherehe za mwisho wa mwaka. Nami nilicheka pamoja nanyi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipomfuata koridoni kumwomba radhi alinijibu kwa sauti ya mtu anayeagiza karatasi za printa: "Nyamaza, mwanangu. Wakikufukuza wewe, nani ataiandika upya? Kesho unatembea." Ananizidi miaka minane tu, lakini nikikosea huwa mwanawe. Basi nilitembea. Kwa mwezi mzima, kila siku ya soko, nilitoka sokoni hadi hospitali nikiwa na kikapu cha viazi alichonipimia mwenyewe, nikiandika nilipochoka, nilipokosa kivuli, nilipokaribia kugongwa. Hadidu mpya zilitoka humo. Alizisoma zote kwa rula, mara mbili.

Kisha akafanya lile ambalo halmashauri nyingine zinaliiga sasa. Kwa kawaida wazabuni wakiitwa kuona eneo la mradi hufika na magari, husaini daftari la mahudhurio na kuondoka bila kuzima injini. Bi Rula aliwapokea sokoni, akawaambia daftari liko upande wa hospitali, kwa miguu au kwa basi, na litafungwa saa tano kamili. Bwana mmoja wa kampuni kubwa, viatu vinang'aa, alidhani gari lake litamfikisha mapema zaidi. Alifika saa sita kasorobo, amekasirika, akisema barabara hii haipitiki. Bi Rula alimshukuru kwa dhati na kumwomba ayaandike hayo kwenye pendekezo lake la zabuni ijayo.

Yule mama msanifu alifika wa tatu, na shangazi yake mwenye magoti mabovu, aliyemleta kama kipimo. Kampuni yake peke yake isingeweza kazi ya mifereji ya maji, lakini iliungana na kampuni nyingine, na kwa pamoja zikapata alama za juu kwa haki kabisa. Leo basi linasimama sawa na ukingo wa njia ya miguu, mgonjwa anavuka bila kukimbia, na vituo vina kivuli. Mwendo wa dakika arobaini umekuwa wa kumi na nane. Shangazi anapita pale kila Jumanne na ana malalamiko kuhusu benchi moja.

Kwa hiyo, kwa utaratibu alionifundisha yeye, naambatanisha Marekebisho Namba Moja kwenye jalada lake: palipoandikwa kwamba kosa la ukurasa wa kumi na moja lilitokana na Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, pasomeke kwamba lilitokana na mhandisi wa barabara, ambaye pia alificha barua. Nimesaini, nimeweka tarehe, na nakala iko kwa Mkurugenzi tangu Jumatatu. Safari hii miguu yangu ilikuwa mbali na meza.

Bi Rula, asante kwa kila "Hapa." Najua utaisoma hii kwa rula ukiwa ndani ya basi, ukielekea nyumbani na fundi saa wako. Ukifika ukurasa wa mwisho usiuache, hata nikikuambia ni yaleyale. Tunakuombea siku ndefu, foleni fupi, na saa iliyo sahihi.