Mwalimu Abdulrahim na Tope la Gendabi

Mwalimu Abdulrahim Shumbana anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu cha walimu wa dini hapa Mbulu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo alichelewa kipindi mara mbili tu, na mara zote mbili mvua ilikuwa imekata barabara ya Dongobesh.

Alizaliwa Dongobesh katika familia ya wauza vitambaa. Kiarabu alikipata madrasani. Kiebrania alifundishwa na Mchungaji Margwe wa kijiji cha Daudi, na yeye akamlipa Mchungaji kwa kumfundisha Kiarabu. Walisahihishana matamshi hadharani, mnadani, katikati ya ng'ombe. Watu walimtania: "Abdulrahim, unabatizwa lini?" Naye alijibu: "Siku Mchungaji atakapofunga Ramadhani." Mchungaji alifunga siku tatu, akaacha, akisema tumbo lake ni la Kilutheri.

Somo lililompatia sifa lilihusu maneno yanayotaja ardhi. Kila Januari wanafunzi wapya, Waislamu na Wakristo, walileta udongo wa kwao katika kopo: mwekundu wa Daudi, mweusi wa Gitting. Kila mmoja aliutaja kwa lugha ya nyumbani, kisha Mwalimu alianza. Kwa Kiarabu, ardhi ni nchi yote iliyo chini ya mbingu. Turabu ni vumbi tunalolirudia. Tini ni udongo mbichi aliotumia Mungu kumuumba mtu. Kwa Kiebrania, eretsi ni nchi, hata ile ya ahadi. Adama ni udongo wa kulimwa, ambamo Adamu alitwaliwa, yeye na jina lake. Afari ni vumbi la asili yetu, la kaburi, na la kujimwagia kichwani wakati wa msiba. Wanafunzi walioingia wakitazamana kwa shaka walitoka wakibishana kama ndugu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang. Mwezi uliofuata Mwalimu aliniuliza, mimi nikiwa mkuu wa taaluma, kama zoezi la makopo liachwe mwaka huo. Nilimjibu kwamba ratiba haibadilishwi. Kosa hilo ni langu, si lake.

Letisia Gidahosh, mwanafunzi mpya kutoka Gendabi, chini ya mlima huo, alileta tope lililokauka, alilolichota mahali lilipokuwa jiko la mama yake. Mama na wadogo zake wawili walifukuliwa hapo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Udongo wa wapi huu?"

"Wa nyumbani. Si mlisema tulete?" Akaliweka kopo mezani. "Tope hili ni lile la kuumbia watu, au ni la kuzikia?"

Mwalimu alifungua daftari lake, akalifunga. Akaketi. Hakuna aliyewahi kumwona ameketi darasani. Kengele ilipolia, Letisia alitoka, na hakurudi chuoni tena.

Kwa karibu mwaka mmoja na nusu Mwalimu alilitafuta jibu. Alisoma tafsiri na fafanuzi za dini zote mbili. Aliwauliza masheikhe wa Katesh, akawauliza wachungaji. Wote walimjibu, naye aliwashukuru. "Hayo ni majibu ya watu ambao jiko lao bado lipo," aliniambia.

Mwezi Mei mwaka huu alisafiri hadi Gendabi kumwomba Letisia arudi amalize masomo kabla yeye hajaondoka. Letisia alimpa kiti na chai.

"Umepata jibu, Mwalimu?"

"Sijapata."

"Asante kwa kutonidanganya. Lakini sirudi."

Jumatatu iliyofuata Mwalimu aliomba somo lake lifutwe. Nimelifuta. Hakuna atakayelifundisha.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi yako. Hatutaandika kwamba imekamilika, kwa sababu wewe mwenyewe ungeikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Nenda Dongobesh kwa mkeo, Bi Salma, anayesema huu ni mwaka wa pili hulali. Tunakutakia usingizi kwanza. Mema mengine yafuate, kama yapo.