Rangi Imeshachanganywa

OPERETA: Haloo, Dar es Salaam? Simu ya mbali kutoka Tabora. Dakika tatu. Haya, ongeeni.

MABRUKI: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

SWAUMU: Mabruki! Ni mimi, dada yako Swaumu!

MABRUKI: Dada? Shikamoo. Kuna msiba?

SWAUMU: Marahaba. Hakuna msiba. Kwani mtu hapigi simu mpaka—

MABRUKI: Hapa karakanani hujawahi kunipigia hata siku moja. Msimamizi ameniita mbio, nimeacha brashi ndani ya rangi.

SWAUMU: Afadhali, maana nakuulizia rangi. Wewe si ndiye unayepaka meli? Ile rangi ya kwanza ya chuma, ya makopo mawili, kubwa na dogo?

MABRUKI: Praima ya epoksi. Ndiyo. Kwa nini?

SWAUMU: Kuna jirani yangu hapa Cheyo ameichanganya.

MABRUKI: Lini?

SWAUMU: Saa nne kasorobo.

MABRUKI: Saa nne kasorobo ya leo?

SWAUMU: Ya leo. Nimekuja posta mbio, hata viatu havifanani.

MABRUKI: Lahaula! Dada, ile rangi ikishakutana na dawa yake haimsubiri mtu. Kwa joto la Tabora la Oktoba, saa mbili hazifiki imekuwa jiwe. Amechanganya kiasi gani?

SWAUMU: Yote.

MABRUKI: Kopo kubwa lote? Na dogo lote?

SWAUMU: Nilitaka— alitaka amalize kazi siku moja.

MABRUKI: Basi kipimo kimemwokoa, makopo yale hutoka kiwandani yameshapimwa. Lakini hana tena pa kurudi. Kwani hakusoma maandishi?

SWAUMU: Kusoma nini? Si Kiswahili, si Kiingereza. Herufi zina vinukta juu kama zimeota ndui.

MABRUKI: Aliyapata wapi makopo hayo?

SWAUMU: Fundi Raymundi, yule wa kuchomelea vyuma, aliyaokota.

MABRUKI: Aliyaokota? Epoksi? Mahali gani hapo panapookotwa—

SWAUMU: Mabruki, posta nzima inanisikia.

MABRUKI: [anacheka] Haya. Anapaka nini, geti?

SWAUMU: Gari.

MABRUKI: Gari gani?

SWAUMU: [laini inakwaruza] ...dogo.

MABRUKI: Sikusikia. Aina gani?

SWAUMU: Moris. Sasa niambie, imekuwa nzito kama uji uliopoa. Raymundi anasema aongeze mafuta ya taa—

MABRUKI: Asithubutu! Hata tone! Wala petroli. Itabanduka yote kama ngozi ya nyoka. Kutu ameitoa kwa nini?

SWAUMU: Brashi ya waya na msasa. Palipokuwa pagumu, ndimu.

MABRUKI: Ndimu! Halafu ameisuuza? Ukali wa ndimu ukibaki kwenye chuma, rangi haishiki.

SWAUMU: Nimesuuza mara mbili, nikaanika juani siku nzima. Hata pale mlangoni ulipokwaruza nguzo ya—

MABRUKI: Nilipokwaruza?

SWAUMU: Alipokwaruza. Jirani.

MABRUKI: Dada.

SWAUMU: Abee.

MABRUKI: Hiyo Moris, madigadi ya kulia ina kiraka cha bati la debe?

SWAUMU: Moris nyingi zina viraka.

MABRUKI: Na kiti cha nyuma kuku wanataga?

SWAUMU: Walikuwa wanataga. Nimewahamisha.

MABRUKI: Hilo ni gari langu! Dada Swaumu, hilo ni gari langu mwenyewe! Nilisema nini siku ile naondoka? Asiliguse mtu!

SWAUMU: Ulisema likiozea hapo, lioze. Lilikuwa linakutii, sakafu ilishakuwa chujio.

MABRUKI: Miaka saba nimeliweka—

SWAUMU: Uliliweka? Ulilitupa uani kwangu ukapanda gari moshi. Barua mbili nimekuandikia kukuomba ruhusa. Umejibu?

MABRUKI: Nilikuwa na shughuli.

SWAUMU: Nami nikawa na shughuli.

MABRUKI: Basi sisemi neno tena. Igande humo humo ndooni. Muipige nyundo wewe na Raymundi wako mwokotaji!

OPERETA: Ndugu, dakika tatu zimekwisha.

SWAUMU: Mwanangu, ongeza tatu!

MABRUKI: Usiongeze!

OPERETA: Mpigaji ndiye anayelipa, ndugu. Tatu nyingine. Ongeeni.

MABRUKI: [anaguna]

SWAUMU: Mabruki, sikiliza. Hili gari si la kwenda nalo sokoni. Ni la binti yako Tatu. Upo?

MABRUKI: Nipo. Tatu ana nini?

SWAUMU: Ana mimba tena. Mimba ya mwezi wa nane sasa.

MABRUKI: Sikuambiwa.

SWAUMU: Iko kwenye barua ya pili. Ile ya kwanza, ya mwaka jana, najua uliisoma.

MABRUKI: Niliisoma.

SWAUMU: Walimtoa kijijini kwake Kwihara juu ya baiskeli, uchungu umeshamshika. Wakamshusha njiani mara tatu. Walipofika hospitali, mtoto—

MABRUKI: Dada, najua. Niliisoma.

SWAUMU: Kijiji kina trekta moja, liko mashambani. Mwenyekiti anasema tuombe gari wilayani. Uchungu unaombewa kibali? Mimi nina gari uani kwangu linalea vifaranga, halafu bintiyo arudi kwenye baiskeli?

MABRUKI: [laini inakwaruza] ...inawaka?

SWAUMU: Nini?

MABRUKI: Injini! Inawaka?

SWAUMU: Raymundi ameiamsha. Inakohoa, lakini inakwenda. Bodi ndiyo iliyobaki. Tumechomelea sakafu mpya, na mvua ziko njiani. Bila rangi, kutu itakula tena.

MABRUKI: Ataendesha nani?

SWAUMU: Mimi.

MABRUKI: Wewe!

SWAUMU: Leseni ninayo tangu mwezi wa saba. Mkaguzi alinipa kwa mkono wake, jasho linamtoka.

MABRUKI: Mungu tulinde. Haya, shika maneno yangu. Ndoo iko wapi?

SWAUMU: Uani. Raymundi anaikoroga.

MABRUKI: Juani?

SWAUMU: Ndiyo, juani.

MABRUKI: Iwekeni kivulini, ndani ya beseni la maji ya mtungini. Ubaridi utaichelewesha. Lakini tone la maji lisiingie kwenye rangi!

SWAUMU: Beseni, kivulini, maji yasiingie. Enhe?

MABRUKI: Raymundi anayo thina, ile ya kuyeyushia rangi?

SWAUMU: Anayo chupa moja.

MABRUKI: Ameioko—

SWAUMU: Mabruki!

MABRUKI: Haya, haya. Futeni bodi yote kwa thina na kitambaa safi. Mkishafuta msiguse kwa mikono, mkono una mafuta. Thina itakayobaki atie kidogo kwenye rangi, kijiko kijiko, mpaka itiririke kwenye brashi bila kudondoka.

SWAUMU: Nipake nene?

MABRUKI: Nyembamba! Nene itachuruzika machozi. Paka mkono mmoja, tabaka moja tu, acha mpaka ukigusa kwa kidole inanata lakini haichafui kidole, ndipo upake wa pili. Anza chini, sakafuni na kwenye maungio, ndiko kutu hupenda. Boneti mwisho. Na mjifunge vitambaa puani, msipake ndani ya banda.

SWAUMU: Na ile rangi ya juu?

MABRUKI: Kesho, keshokutwa mwisho. Mkichelewa, mpitishe msasa kwanza. Rangi ya juu mnayo?

SWAUMU: Ipo. Ya waridi.

MABRUKI: Ya nini?

SWAUMU: Ya waridi. Ndiyo iliyookotwa.

MABRUKI: Gari langu! Watu wa Cheyo watasema nini?

SWAUMU: Watapisha njia. Gari la waridi likipiga honi, nani asiyehama?

MABRUKI: [anacheka] Dada. Tatu anajua hili gari ni langu?

SWAUMU: Anajua.

MABRUKI: Anasema nini?

SWAUMU: Nilimwambia umelitoa wewe. Kwamba umeandika barua, ukasema, gari litengenezwe kwa ajili ya mwanangu.

MABRUKI: Ulimwambia hivyo? Lini?

SWAUMU: Mwezi wa sita.

MABRUKI: Lakini sikuandika.

SWAUMU: Najua hukuandika. Alitaka kuiona hiyo barua. Nikasema imeliwa na mchwa.

MABRUKI: [laini inakwaruza]

OPERETA: Ndugu, nusu dakika.

SWAUMU: Basi mdogo wangu, rangi inaganda. Ahsante. Ukipata nafasi—

MABRUKI: Dada, ngoja! Breki zake usiziamini, zilikuwa zinavuta kushoto. Usimpakie mpaka nizione. Hapa nitaomba ruhusa, nita—

SWAUMU: Nini? Laini mbaya!

MABRUKI: Nasema nakuja! Gari moshi la Alhamisi! Mwambie Tatu nina—

[laini inakatika]

SWAUMU: Haloo? Mabruki? Haloo!

OPERETA: Imekatika, mama.

SWAUMU: Amesema Alhamisi? Au nimesikia ninachotaka?

OPERETA: Amesema Alhamisi. Hata mimi nimesikia.

SWAUMU: Kumbe wewe ulikuwa unatusikiliza?

OPERETA: Mama, mimi ni mtu wa Kwihara. Kimbia ukapake.