Mungu Anasikia Kigiriki?

Pale Kator, kwenye benchi la Mama Agum muuza kahawa ya tangawizi, ubishi haufi hata kukiwa na msiba. Jana walimzika mama yake Ater. Ater alipelekwa Nakuru angali mdogo kwa ajili ya vita, mama akabaki. Aliporudi mtu mzima, Kidinka kilikuwa kimeshamtoka, kimebaki cha salamu tu. Jioni hii mjomba anamtaka aombe mbele ya ukoo kwa Kidinka, la sivyo akae nyuma na wageni. Masikini Ater! Anaona haya, na kahawa imepoa mkononi.

— Omba Kiswahili! akasema Erifazi, Mganda fundi wa pikipiki, ambaye benchi limembatiza Profesa. Wayahudi wa Misri zamani walikuwa hivyo hivyo. Watoto wamezaliwa ugenini, Kiebrania hakuna, iko Kigiriki tu. Wazee wakatafsiri Maandiko. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba kinaingiaje hapo? akafoka Santino, katekista mstaafu, maarufu kama Askofu. Hao Wagiriki walileta uwanja wa michezo Yerusalemu, makuhani wakaacha sadaka kwenda kutazama watu wakirusha visahani!

— Paulo je? Si aliandika Kigiriki?

— Paulo alikuwa msafiri.

— Wallahi, hata Sulemani alisoma Athene! Mimi iko na uhakika. Na Musa alipanda mlimani na mkalimani!

— Kalas, basi, Profesa! Umelewa tangawizi.

Ater hakucheka.

— Askofu, akauliza, na Mungu aliwasikia? Kwa hicho Kigiriki chao?

Askofu akakuna kidevu. Hasira zikamtoka.

— Aliwasikia, mwanangu. Hata hii ya kuwaombea marehemu, tumeisoma katika kitabu cha Wayahudi kilichoandikwa Kigiriki. Omba Kiswahili. Mjomba nitasema naye mimi.

Ater akashusha pumzi, akanywa ile kahawa baridi. Ndipo akafika Akuac, binamu yake, aliyekosa maziko kwa kuchelewa ndege ya Wau.

— Pole, ndugu yangu. Nani alikuwa naye alipokata roho?

— Mimi.

— Alisema nini?

Benchi zima likamgeukia Ater.

— Aliongea sana, Akuac, Kidinka kitupu. Amenishika mkono, anaongea. Mwishoni akaniuliza kitu. Nilijua ni swali kwa sababu alinyamaza, akaningoja.

— Ukamjibu nini?

— Ndiyo, mama.