Mkono Ulioshika Fimbo

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Bustani za Jiji, mpigapicha wetu, ambaye wote tunamwita Mama Picha, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha kila tuta la maua kabla halijang'olewa, fimbo ya kupimia ikiwa imesimamishwa katikati ili urefu uonekane. Aliifanya kwa raha zake. Kwa ajili ya zinia moja tu aliweza kulala kifudifudi kando ya barabara, magari yakimpigia honi, kisha akainuka na tope kidevuni akicheka peke yake.

Miaka sita ya mwanzo, fimbo ilishikwa na mdogo wake, aliyekuwa kibarua wa idara. Mdogo mtu alipofariki kwa homa, Mama Picha alikataa katakata kupewa msaidizi mwingine. Akawa anaichomeka fimbo ardhini mwenyewe. Hata hivyo, picha ziliposafishwa, kulikuwa na mkono umeishika.

Mkuu wa wakati huo alimwandikia barua ya onyo, akitaka kujua kibarua huyo kaajiriwa na nani. Mama Picha alijibu kwa mstari mmoja kwamba ni mdogo wake. Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na imo kwenye faili hadi leo. Tukazoea. Kamera zilibadilishwa mara nne, lakini mkono haukuzeeka.

Mwezi uliopita aliomba aondoke na fimbo. Mimi, karani wa stoo, nilimkatalia kwa kuwa ni mali ya idara. Nilijua anachoogopa: kumwacha mdogo wake stoo kwangu, kati ya majembe na mipira ya maji.

Jumanne tulikwenda kwenye mawaridi ya mbele ya posta ili anikabidhi kamera. Nikapiga. Fimbo ilikuwa peke yake. Mama Picha aliitazama picha ile mpaka machozi yakamtoka, nami nikajuta ukali wangu. Nikampiga nyingine, yeye tu, kwa ajili ya ukurasa huu. Nilipoitazama, nikamrudishia kamera aione mwenyewe.

Ndiyo hiyo mnayoiona hapo juu. Nimemwomba mhariri asikate upande wa kushoto, ulipo mkono begani mwake.

Mama Picha, ahsante kwa kila ua. Tunawatakia nyote wawili maisha mema.