Bomba la Shorkol Lichimbuliwe Kabla Ardhi Haijaganda

Mgeni rasmi, Injinia Mkuu Bwana Polat, sisi wapimaji wastaafu wa bomba la gesi tunaapa, mkono juu ya mkate, kwamba haya yote ni kweli tupu, hata pale yatakapofanana na uongo.

KARIBU, NA HISTORIA YETU
Udongo wa Shorkol una chumvi hivi kwamba kondoo wetu huchinjwa akiwa ameshaungwa. Chuma hakiwezi utani huo. Ndiyo maana bomba lilivikwa ganda na kupitishiwa umeme mdogo wa kulilinda. Ganda likichanika, umeme huvujia udongoni, kutu ikapata mlango.

MAFANIKIO
Tumepita juu yake na fimbo ya shaba iliyokaa ndani ya maji ya mrututu, ile dawa ya buluu, tukisoma umeme wa ardhini. Nyuma ya chekechea, ulinzi umeshuka.

CHANGAMOTO
Ofisi ilitucheka. Udongo ulikuwa mkavu, fimbo haikushika, basi mwenzetu Gulayim akaumwagia chai yetu ya maziwa na chumvi. Fundi wenu akasema, "Mama, hapo umepima chai, siyo bomba!"
"Mwanangu, chai yangu haijawahi kulipuka."
Kosa tumelikubali, chumvi huharibu kipimo. Tukasafisha fimbo, tukabadili mrututu, tukarudi na maji safi. Jibu lile lile. Tukaleta kipimo cha usumaku, ambacho hakigusi udongo wala chai: husikia kutoka juu umeme unaopita bombani. Unakuja vizuri hadi ukuta wa chekechea, halafu unapungua ghafla. Hatusemi bomba limetoboka. Tunasema kutu imeandaliwa kila kitu, pale pale wajukuu wetu wanapolala mchana.

MAOMBI
Tunaomba amri ya kuchimba kabla baridi haijaigandisha ardhi. Tusiambiwe hakuna vibarua: majembe na mabeleshi tumeshayapanga nyuma ya ukumbi huu…

(Hapo mgeni rasmi alimkatiza msomaji wetu, akafungua dirisha. "Mzee Tengelbay, mbona namwona mbuzi tu?"
"Yako njiani, Mheshimiwa."
"Njiani kutoka wapi?" Gulayim akadakia. "Una beleshi moja, nalo umewatengenezea kuku kitanda!"
Ukumbi ulivunjika mbavu. Mgeni hakucheka. "Watoto wahamishwe, gesi ifungwe, tunachimba leo. Wa kwanza kushuka ni msomaji.")

HITIMISHO
Nasoma kutoka shimoni, udongo kiunoni. Mungu akupe afya, mgeni rasmi, na amsamehe aliyeandika habari za mabeleshi. Gulayim amepapasa: ganda limechanika, chuma kina vidonda, hakijatoboka.

Tumewahi.

Ni sisi, Wapimaji Wastaafu wa Bomba, Shorkol.